Majirani, wanafunzi au vijana wa posho: nani abebe tamasha la mtaa Mombasa?

Kamati nyingi za matamasha ya mtaa hapa Mombasa huanza na suala la pesa: nani atadhamini, turubai zitatoka wapi, vyombo vya muziki vitakodiwa kwa nani. Suala la watu huachwa hadi wiki ya mwisho, ndipo simu zinapoanza kupigwa ovyo. Nionavyo mimi, huko ni kuanza mwisho. Pesa zikipungua, jukwaa litakuwa dogo na shughuli itaendelea. Watu wakipungua, viti havipangwi, mlango hauna mtu, wageni wanasimama juani, na kina mama watatu wanaachiwa jiko la kulisha watu mia nne.

Wasaidizi hapa mjini hupatikana kwa njia tatu. Kuna majirani, yaani watu wa mtaa wenyewe. Kuna wanafunzi wa vyuo. Na kuna vijana wa maskani wanaokuja kwa posho. Nimefanya kazi na wote, na ninayo maoni yangu. Hapa nazungumzia tamasha dogo la siku moja au mbili: ngoma, vyakula, mashindano ya bao, michezo ya watoto, taarabu usiku. Yale makubwa ya serikali yana bajeti yake na maafisa wake.

Majirani

Hili ndilo kundi la asili, na mji umelizoea. Arusi ya Mji wa Kale haihitaji kampuni. Siku mbili kabla, uani kumejaa kina mama na visu vyao, gunia la vitunguu linamenywa huku habari za mji zikipita, vijana wanatumwa kuazima majamvi, na hakuna anayeuliza atalipwa nini, kwa sababu kila mmoja anajua kwake nako kuna shughuli inakuja. Zefe ya Maulidi ni vivyo hivyo. Hata vyama vya zamani vya lelemama, ile ngoma ya kina mama, vilibebwa na wanachama wenyewe: walichanga, wakashona sare, wakakesha wakifanya mazoezi ili wasishindwe na chama cha pili.

Tazama kilichowasukuma watu hao. Ni kulipana fadhila na kushindana. Leo nimekuja kwako, kesho utakuja kwangu. Na mtaa wetu usizidiwe na mtaa wa pili. Sasa tamasha la jamii ni la nani? Ukiambiwa "la wote", jua halina mwenyewe, na hapo ndipo kamati hukwama. Inaomba msaada wa aina ya arusi kwa shughuli ambayo hakuna atakayeirudishia fadhila.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuligawa tamasha vipande na kila kipande kukipa wenyewe. Jiko ni la kina mama wa Kibokoni. Bao ni la wazee wa Kuze. Michezo ya watoto ni ya Mkanyageni. Msigawe kazi tu, gaweni na sifa: jina la mtaa liandikwe kwenye kibanda na litajwe kwenye kipaza sauti. Utaona watu waliokuwa wakisema hawana nafasi wanavyoanza kuulizana kama pilipili za achari zimeshanunuliwa.

Kuwapata nako kuna adabu yake. Tangazo la WhatsApp halitoshi. Ukiandika "tunahitaji watu wa kujitolea, tafadhali jiandikisheni", utapata vidole gumba vingi na in sha Allah nyingi, na asubuhi ya siku yenyewe utawakuta wale wale wa kila mwaka. Mtu wa mtaa huombwa uso kwa uso, kwa kazi yenye jina na yenye mwisho. Mfuate barazani baada ya Isha.

"Shikamoo, ami. Jumamosi tunakuhitaji."

"Marahaba. Nije nifanye nini na mgongo huu?"

"Ukae mlangoni pa jikoni kuanzia Alasiri mpaka Magharibi. Sahani isitoke bila tikiti."

"Hiyo naiweza. Na nikienda kuswali, nani atanipokea?"

Huyo umeshampata. Asiyekusudia kuja haulizi nani atampokea.

Angalia pia kuwa zamu imepimwa kwa swala. Hapa kwetu hilo lina nguvu kuliko saa ya ukutani: Alasiri hadi Magharibi, Magharibi hadi Isha. Watu watapumzika wakati huo hata usipowapangia, basi heri upange. Na wasichana wengi wazazi wao huwataka nyumbani giza likiingia. Wape zamu za asubuhi na mchana tangu mwanzo, badala ya kuwapanga usiku halafu uwaseme kuwa hawajali.

Faida kubwa ya majirani ni kwamba wanajua nani ni nani. Mtoto aliyepotea anarudishwa kwa mamake kabla jina lake halijafika jukwaani. Wanajua lori la viti haliwezi kuingia vichochoroni, kwamba mzigo utashushwa Ndia Kuu na kuingizwa kwa mkokoteni, na wanamjua mwenye mkokoteni na bei yake ya kweli. Pesa za mlangoni nazo ningewapa wao: wanawake wawili kutoka chama cha kuchangiana, waliozoea kuhesabu michango mbele ya wenzao na kuandika daftarini. Wawe wawili, na wahesabu pamoja.

Hasara yake ni kwamba jirani hafukuzwi. Shangazi ya mwenyekiti akipewa kugawa vibanda, na nafasi zote za mbele zikaenda kwa jamaa zake, nani atamwambia? Mtakutana naye kesho dukani, na keshokutwa kwenye hitima. Jingine, siku ya tamasha jirani ana wageni wake mwenyewe nyumbani. Na maziko yakitokea asubuhi hiyo, nusu ya kamati itakuwa makaburini mpaka adhuhuri, wala hakuna wa kulaumiwa. Kwa hiyo kila kazi ya jirani iwe na mtu wa pili anayejua ufunguo uko wapi.

Wanafunzi wa vyuo

Technical University of Mombasa iko Tudor, si mbali na Mji wa Kale kwa tuktuk. Kuna Kenya Coast National Polytechnic, na vyuo vidogo vya hoteli na utalii kadhaa. Mwanafunzi haji kwa ajili ya fadhila za mtaa, maana mara nyingi si wa mtaa huo. Anakuja kupata cha kuandika kwenye wasifu wake wa kazi, kukutana na watu, kupiga picha, na pengine kwa sababu rafiki yake anakuja. Wazee wengine huudhika na hilo. Mimi naliona ni jambo jepesi kuliko yote: unajua anachotaka, na unaweza kumpa.

Anachotaka ni barua yenye muhuri, inayosema alifanya kazi gani, siku gani, chini ya nani. Kamati huahidi "cheti" kwa mdomo mpana, tamasha likiisha kila mtu amechoka, na cheti hakitoki. Mwaka unaofuata kiongozi wa wanafunzi hapokei simu, na kamati inashangaa. Barua zichapwe na zitiwe sahihi kabla ya siku yenyewe. Mtu anarudisha beji, anapewa barua yake. Asiyefika, yake inachanwa.

Wanafaa wapi? Mlangoni, kwenye usajili, kupokea wasanii, kuelekeza wageni, kupiga picha na kuzipandisha mitandaoni, kusimamia michezo ya watoto. Hawaogopi kipaza sauti, na mtalii akiuliza jambo kwa lugha yake, kati yao hakosekani wa kumjibu. Jikoni ni mizigo tu. Nasema kwa mapenzi, lakini nimewahi kumwona kijana wa mwaka wa tatu akikoroga wali wa biriani kwa mwiko kama anayesonga sima, na bibi aliyekuwa jikoni alinyamaza, akauchukua ule mwiko mkononi mwake, akampa ndoo akateke maji.

Udhaifu wao ni kwamba huja kwa kundi na kukosa kwa kundi. Mtihani ukisogezwa, umepoteza ishirini kwa mpigo. Kwa hiyo, pitia chama chao cha wanafunzi lakini chukua namba ya kila mmoja, na ukihitaji ishirini andikisha thelathini. Nauli uwalipe, wala usiiite posho. Anayekaa Likoni anavuka feri bure kwa miguu, lakini akishuka ng'ambo saa tano za usiku, kilichobaki ni bodaboda, na hiyo ni pesa yake ya chakula cha kesho.

Wakija na wadogo zao waliomaliza sekondari juzi, uliza umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria. Asiachiwe pesa, asikae usiku, na mzazi wake ajue yuko wapi.

Vijana wa posho

Hapa kamati hupenda kujidanganya. Wanawaita "wa kujitolea", kisha jioni wanawapa bahasha. Semeni ukweli: ni kibarua, na kibarua si aibu. Mkikiita kwa jina lake, mtakipanga vizuri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme posho ni shilingi 500 kwa siku. Mkiwachukua vijana 40 kwa siku 2, ni shilingi 40,000 kabla hawajala. Mkiwachukua 8 kwa usiku mmoja tu, ni shilingi 4,000. Tofauti ya bajeti hizo mbili inaweza kulipa jenereta. Kwa hiyo hawa si watu wa kujazia kila pengo. Ni watu wa kazi maalumu, na kazi hiyo naijua.

Ni saa sita na nusu usiku. Mwimbaji ameshaondoka, fundi wa spika anakunja nyaya zake na hataki kuguswa. Viti 300 vya kukodi vimetawanyika: vingine chini ya turubai, vingine vimeburutwa hadi vibarazani na wazee wamevikalia wakimalizia kahawa, vingine watoto wamevifanya magari. Mwenye viti anakuja na gari lake alfajiri, na kila kiti kisichoonekana kinalipiwa. Majiko bado yana moto. Taka ziko mpaka kwenye ngazi za watu, na hao watu wakiamka wakazikuta, mwaka ujao hakuna tamasha. Mwanafunzi ameshavuka feri. Jirani amelala, kesho ana zamu bandarini. Mwenyekiti sauti imemkauka. Hapo ndipo utakapojua kama ulipanga watu au ulipanga sherehe tu. Vijana wanane wenye nguvu, walioambiwa tangu mwanzo kwamba kazi yao inaanza taarabu ikiisha, watamaliza yote kabla ya adhana ya Alfajiri.

Makubaliano yafanyike na wote wakiwa wamesimama pale, si na kiongozi wao faraghani. Nusu mwanzo, nusu viti vikishahesabiwa. Na pesa zitumwe kwa M-Pesa kwenye simu ya kila mtu mwenyewe. Ukimpa mmoja awagawie wenzake umenunua ugomvi, na utaletewa mlangoni kwako.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni siasa. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kampeni zikipamba moto, vijana hawa hawa huitwa kwenye mikutano, na posho yako itaonekana ndogo. Isitoshe, ukiwavisha fulana za rangi moja, mtaa mzima utauliza ni za mgombea gani. Mwaka huo chagueni rangi kwa uangalifu, au msivishe fulana kabisa.

Na wafanyakazi wa makampuni?

Kuna hoteli na benki zinazotoa wafanyakazi wao siku moja kusaidia jamii. Wapokee kwa mikono miwili, wapige picha, wafagie, wapake rangi. Usiwapangie kitu chochote cha baada ya chakula cha mchana.

Kazi kwa kazi

| Kazi | Majirani | Wanafunzi | Vijana wa posho |
|---|---|---|---|
| Jiko | Wenyewe hasa | Kugawa sahani tu | Kubeba sufuria na maji |
| Mlango na maelezo | Mmoja awepo, awajue watu | Wenyewe hasa | Hapana |
| Pesa | Ndiyo, wawili wawili | Kuandika, si kushika | Hapana |
| Viti, turubai, jukwaa | Kusimamia | Mchana, kidogo | Wenyewe hasa |
| Barua za ofisini | Mstaafu anayejulikana | Kuchapa | Hapana |
| Usiku, tamasha likiisha | Mzee mmoja wa kuhesabu | Hapana | Wenyewe hasa |

Mstari wa barua unahitaji maelezo, maana hiyo ndiyo kazi isiyo na mtu wa kuitaka. Kama tamasha lina msafara wa kupita barabarani, sheria inayosimamia mikusanyiko ya hadhara inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Ukipeleka mapema mno ni kosa, ukichelewa ni kosa. Kelele nazo zina kanuni zake tangu 2009, na taarabu yenye spika kubwa haiponi bila kibali. Hizi ni asubuhi za siku za kazi kwenye mabenchi ya maofisi. Mwanafunzi yuko darasani, jirani yuko kazini. Mstaafu, aliyewahi kuwa karani au mwalimu, ambaye akiingia ofisini hukuta mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, anamaliza kwa siku moja kile ambacho wengine wangehangaika nacho wiki nzima. Kila mtaa unaye. Mwendeeni kwa heshima, na teksi yake mlipie.

Huduma ya kwanza haimo kwenye jedwali makusudi. Hiyo waandikieni wanaoijua, Kenya Red Cross au St John Ambulance, na muwaandikie mapema.

Mkiwachanganya

Kwa tamasha la aina hii jibu huwa ni mchanganyiko. Sharti langu ni moja: msiweke anayelipwa na asiyelipwa kwenye kazi moja. Mwanafunzi na kijana wa posho wakisimama mlango mmoja, kufikia Magharibi watakuwa wameshaulizana. Kesho yake mwanafunzi haji, na wa posho anakuja akitaka nyongeza kwa sababu sasa mlango ni wake peke yake. Mlango wote uwe wa wasiolipwa, usiku wote uwe wa wanaolipwa. Hapo kila mtu anaelewa na hakuna anayejiona mjinga.

Kwenye chakula, lakini, wote wawe sawa. Sahani ile ile, nyama ile ile, na wapate kula kabla ya wageni. Nimeona kamati ikiwapa wasaidizi ukoko baada ya waheshimiwa kuondoka. Kisha mnauliza mbona watu wa mji huu siku hizi hawajitolei!

Mwezi gani?

Tarehe inaweza kuupindua ushauri wote huu. Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, majirani wako kwenye Maulidi. Wiki za kabla ya Ramadhani arusi zinafuatana, na wapishi wako ndio wapishi wa arusi hizo. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa, kwa hiyo kazi ya turubai inaongezeka na vijana wa posho lazima waongezwe. Vyuo vikifunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wengi hurudi kwao bara. Desemba watalii wamejaa, na majirani wanaofanya kazi hotelini hawana hata Jumapili. Kamati ikishapata tarehe, ipitie makundi matatu moja baada ya jingine na iulize nani hayupo mwezi huo.

Mimi ningechagua hivi

Tamasha la kwanza kabisa, ndani ya mtaa, watu wasiozidi mia mbili: majirani peke yao, na vijana wanne wa posho wa usiku. Wanafunzi mtawaita mwaka wa pili, mkishajua mlango uko wapi.

Mkihamia mahali pasipo na mtaa, kama Mama Ngina Waterfront au uwanjani mbele ya Fort Jesus, hesabu inabadilika. Pale hakuna baraza la mtu, hakuna anayemjua kila mtoto, na nguvu ya majirani inabaki jikoni tu. Wanafunzi wawe wengi kuliko wote, na wawe na viongozi wa zamu waliofika pale siku moja kabla wakaonyeshwa vyoo, maji na njia ya gari la wagonjwa.

Na kama tamasha lenu limeendeshwa na watu wale wale watano miaka yote, na wamechoka, hakuna kundi kati ya haya litakalowaponya kwa kuletwa siku moja. Chukueni majirani watatu wenye umri wa thelathini na kitu, kila mmoja awe naibu wa kazi moja mwaka huu, na aachiwe kuamua. Akiamua vibaya kuhusu rangi ya mapambo, nyamazeni.

Kwa mpangilio wa kuwatafuta, ningeanza na timu ya usiku, kwa sababu ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoamua kama mtaa utakubali tena. Kisha mstaafu wa barua. Kisha kina mama wa jikoni, ambao wanataka kujua idadi ya watu mapema ili wapange masufuria. Wanafunzi wawe wa mwisho, kama wiki tatu kabla, ratiba ya mitihani ikishabandikwa. Ukiwaandikisha kabla ya hapo unaandikisha majina tu.